Kuuokoa Uso wa Saa ya Babu: Shajara ya Mradi

14 Januari 2024: Saa ilivyo kabla ya kuguswa

Saa yenyewe ni Omega ya mkono, ya kutia ufunguo (kile kifundo cha ubavuni cha kuzungusha), yenye kasha la chuma na kijiduara cha sekunde upande wa chini wa uso. Marehemu babu aliivaa miaka yote aliyokuwa karani bandarini Kilindini, na alipofariki mwaka 1988 bibi aliivingirisha katika leso akaiweka kwenye droo ya kabati lake, Mji wa Kale, Mombasa, ambako ilikaa mpaka mwezi uliopita. Nilipofungua mgongo wa kasha nilikuta mashine ya kaliba 267, yaani namba ya aina ya mashine, yenye namba ya utengenezaji inayoanzia milioni 15, namba ambazo wakusanyaji huzihesabu kuwa za katikati ya miaka ya 1950. Niliitia ufunguo mizunguko sita ikaanza kwenda bila kusita. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye mashine. Liko kwenye uso, yaani lile bamba lenye alama za saa na jina, ambalo nyumbani kwetu limezua mjadala.

Uso huo ulitoka kiwandani ukiwa na weupe wa fedha. Sasa umekuwa na rangi ya chai ya maziwa, umeingia madoadoa, na karibu na ufunguo, kati ya 3 na 4, kuna baka jeusi la ukubwa wa punje ya mtama mahali ambapo unyevu wa chumvi ulijipenyeza. Alama za saa ni vijiti vya chuma vilivyochovywa dhahabu na vyote vimekaa imara, chapa ya jina haijakatika hata herufi moja, na pembeni mwa kila alama kuna nukta ya rangi ambayo zamani ilikuwa ikiwaka gizani. Kuna jambo jingine nililoliona jana nilipoinamisha saa kwenye mwanga wa dirisha: kivuli cha kahawia cha mishale miwili kimelala juu ya uso, na mishale yenyewe ikisogezwa, kivuli kinabaki palepale. Mshale mfupi umepita 9 kidogo na mrefu uko kwenye 2, yaani saa tatu na dakika kumi. Sijajua kimetokana na nini.

Ami yangu anataka aivae siku ya nikaha ya binti yake mwezi wa Agosti. Kauli yake ilikuwa hii: "Mwanangu, saa ya marehemu isivaliwe ikiwa na sura ya kuugua. Ipeleke kwa fundi ipakwe, iwe kama siku aliyoinunua." Fundi wa mjini alitaja shilingi 6,000 na wiki mbili. Nimemwomba Ami anipe muda nijaribu kwanza kwenye nyuso ambazo hazina mwenyewe wa kuzililia, na matokeo nitayaandika hapa hatua kwa hatua, ili mwenye saa ya mzee wake asilazimike kurudia makosa yangu.

28 Januari: Ndimu, sabuni na nyuso tano za majaribio

Fundi mzee mmoja aliniuzia nyuso tano chakavu kutoka katika kopo lake la vipuri, zote kwa shilingi 1,500. Moja ilikuwa ya enameli, ya saa ya mfukoni. Nne zilikuwa za shaba iliyochovywa fedha na kupakwa vanishi, sawa na ule wa babu.

Sisi wa pwani tumezoea kusugua mabirika na sinia za shaba kwa ndimu au ukwaju, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kila mtu ananishauri. Nilianza na uso wa enameli. Niliupangusa kwa pamba yenye maji ya ndimu, na uchafu mweusi uliojaa katika nyufa zake nyembamba kama unywele ukatoka, na namba hazikupungua chochote. Sababu ni kwamba enameli ni kioo kilichoyeyushwa tanuruni juu ya bamba la shaba, na namba zake huchomwa pamoja nacho, kwa hiyo asidi hafifu haina pa kuingilia. Mafanikio hayo yalinipa ujasiri nisiostahili.

Nilichukua uso wa pili, wa vanishi, nikaufanyia vilevile. Sikufika kuhesabu tano. Neno "Swiss" lililokuwa chini kabisa, herufi zake zikiwa ndogo kuliko mguu wa sisimizi, lilinyanyuka na kubaki juu ya pamba kama vinyweleo vitano vyeusi. Nilipotazama kwa lenzi nilielewa kilichotokea: vanishi ya zamani hupasuka nyufa ambazo jicho halizioni, asidi huingia chini yake na kula tabaka la fedha, na kila kilichoshikiliwa na vanishi, chapa ikiwemo, hubaki bila msingi. Uso wa tatu niliuosha kwa maji ya sabuni isiyo kali. Ulitoka vizuri, nikaufurahia usiku mzima, lakini asubuhi vanishi yote ilikuwa imefanya ukungu mweupe na kuinuka vipele. Uso wa nne niliusugua kwa pamba kavu, na vumbi lenyewe likageuka msasa, likaacha michirizi ya duara inayoonekana kila mwanga unapoangukia upande. Wa tano nimeuweka kwa ajili ya jaribio la kulehemu.

Kwa hiyo mwenye uso wa enameli anaweza kuosha kwa uangalifu. Mwenye uso wa vanishi asiusogezee kitu chenye maji, hata kama ameambiwa na mtu aliyefanikiwa, kwa kuwa huenda huyo alikuwa na uso wa aina nyingine.

11 Februari: Kosa kubwa kuliko yote

Kosa hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linagusa afya. Kabla ya wiki hii nilikuwa nimeifungua saa ya babu mara tatu, zote juu ya meza tunayolia chakula, na mara zote nilipuliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira. Alhamisi iliyopita niliona upande wa ndani wa kioo, chini ya mshale wa dakika, unga mchache wa rangi ya bizari. Ulikuwa umedondoka kutoka kwenye mshale. Hapo ndipo nilipotulia na kufikiria umri wa saa na kusoma tena ukingo wa chini wa uso: umeandikwa "Swiss Made" tu, bila herufi T popote.

Rangi za kuwaka gizani za miaka hiyo zilitengenezwa kwa radiamu iliyochanganywa na salfaidi ya zinki. Baadaye, katika miaka ya 1960, viwanda vilihamia tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu na ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 12 na ushei. Saa hizo ndizo zenye herufi T pembeni mwa neno "Swiss". Radiamu ni habari nyingine, kwa sababu nusu yake hutoweka baada ya miaka 1,600. Kinachokufa mapema ni zinki inayotoa mwanga. Ndiyo maana nukta za saa ya babu haziwaki tena, nami nikadhani zimekwisha nguvu, kumbe mionzi yake iko karibu kama ilivyokuwa siku ilipotoka dukani.

Rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari aliniletea kipimo cha mionzi cha shule. Juu ya kioo kiliharakisha milio. Juu ya uso ulio wazi milio iliungana ikawa mlio mmoja. Tulipokipitisha juu ya kitambaa cha meza tulipata sehemu moja, upana wa sarafu, ambapo kilianza kutatarika. Wanangu huketi upande huo.

Tulichofanya ni hiki. Kitambaa kilikunjwa kwa ndani na kufungwa katika mifuko miwili ya plastiki. Meza na sakafu vilifutwa kwa karatasi zenye maji, kila karatasi ikitumika mara moja, wala hatukufagia, kwa sababu ufagio hurusha vumbi na hatari ya radiamu iko hasa pale inapovutwa puani au kumezwa. Baada ya kufuta mara tatu kipimo kilirudi kwenye milio ya kawaida. Kazi imehamia chumba cha nje chenye madirisha mawili, navaa glovu na barakoa, hakuna chai wala chakula ndani, na pampu ya kupuliza nimeiondoa kabisa. Mifuko haijaenda jalalani. Vitu vya mionzi hapa Kenya viko chini ya Kenya Nuclear Regulatory Authority, mamlaka ya kudhibiti nyuklia, na nimeihifadhi mpaka nielekezwe pa kuipeleka. Glovu, barakoa na mifuko vimegharimu shilingi 1,200.

Kile kivuli cha saa tatu na dakika kumi pia kimepata maelezo. Saa ilisimama ndani ya droo mishale ikiwa mahali hapo, na kwa miaka thelathini na mitano mionzi ya rangi iliyo kwenye mishale ilikuwa ikiichoma vanishi iliyo chini yake.

Nilirudi kwa fundi wa shilingi 6,000 nikamuuliza ataiondoaje rangi ya zamani. Alinijibu kwa unyofu kabisa kwamba huichubua kwa kisu kisha hupitisha msasa. Kando yake alikuwa ameketi kijana anayejifunza kazi, na kikombe cha kahawa kilikuwa juu ya benchi. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, wasichana waliokuwa wakipaka nyuso za saa walielekezwa kuinyoosha ncha ya brashi kwa midomo yao, na wengi waliugua mifupa na taya, baadhi wakafa, hadi watano wao walipoishtaki kampuni na kufikia mapatano mwaka 1928. Fundi huyu hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Nilikaa naye saa nzima nikimweleza, nikamwachia barakoa mbili, na kuanzia siku hiyo nilijua kwamba uso wa babu hautachubuliwa na mtu yeyote kwa niaba yangu.

30 Machi: Kupaka upya, jaribio la Seiko

Hata hivyo nilitaka kujua kupaka upya hufanya nini kwenye uso usio na radiamu, maana si kila msomaji ana tatizo langu. Nilitoa Seiko 5 yangu ya miaka ya 1970, yenye uso wa buluu wa miale inayosambaa kutoka katikati, uliokuwa na mkwaruzo mmoja na ukingo ulioanza kubabuka. Niliutuma kwa mpakaji wa mji mwingine kwa shilingi 4,500. Ulirudi baada ya wiki tano, na kwa umbali wa mkono ulikuwa unapendeza.

Kwa lenzi mambo yalikuwa mengine. Miale ilikuwa imetoweka, kwa kuwa haikuwa rangi. Ilikuwa mikwaruzo midogo iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, na msasa uliiondoa pamoja na rangi mbovu. Msimbo mdogo uliokuwa ukingoni chini ya 6, ambao kwa Seiko ndio unaomwezesha mtu kuulinganisha uso na kasha lake, haukurudishwa. Herufi zilikuwa nene na kingo zake zimetawanyika. Kiwandani chapa hutoka kwenye bamba lililochongwa: wino hujazwa katika mchongo, pedi laini huunyanyua na kuugandamiza juu ya uso, na mstari hutoka mwembamba na wenye mwinuko. Asiye na bamba lile hulazimika kubuni herufi kwa kutazama, na jicho la mtu aliyeizoea saa hiyo hugundua kabla hata hajajua limegundua nini. Kwenye ukingo kulikuwa na kijikato kipya cha tupa, ambacho wapakaji wengi huweka ili uso ukae sawa kwenye mashine yao ya kuchapia. Popote ninapokiona sasa naanza kushuku.

Hayo ni ya sura. Yaliyofuata yalikuwa ya utendaji. Kwa mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, uso ulikuwa na unene wa milimita 0.41 kabla ya kwenda, na ulirudi na 0.50. Unene huo ulitosha kuufanya mshale wa saa ugusane na vijiti vya alama, na saa ikawa inasimama kila mara mshale ulipofika 11. Niliinua mshale kidogo, ukapona, lakini sasa mshale wa dakika uko karibu na kioo kuliko ninavyopenda. Siku ya kumi na mbili kijiti cha alama ya 7, ambacho kilikuwa kimebandikwa kwa gundi badala ya kukazwa kwa nyuma, kilidondoka, kikaingia chini ya mshale wa dakika na kuukwamisha. Nilikitoa kwa kibanio, nikakuta kimechora mchirizi wa mviringo kwenye rangi mpya yote.

Mguu mmoja wa uso nao ulikuwa umekatika. Uso wa saa husimama juu ya miguu miwili midogo ya shaba inayoingia katika matundu ya mashine, na ikikatika watu hukimbilia kuilehemu. Nilijaribu kwenye ule uso wa tano. Niligusisha pasi ya kulehemu nyuma kwa sekunde tatu hivi, risasi ikashika vizuri, na nilipougeuza nikaona upande wa mbele duara la vanishi iliyotokota, kama maandazi yanapoanza kuumuka. Joto hupita kwenye shaba nyembamba kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuondoka. Seiko niliishikilia kwa vibandiko vyembamba vya pande mbili, shilingi 600, ambavyo pia vina unene wake, na kwa saa zenye kijiduara cha sekunde kosa la nusu milimita wakati wa kubandika huufanya mhimili wa sekunde usugue ukingo wa tundu.

Mtandaoni huuzwa saa nyingi za zamani zilizopakwa upya India, nyuso zao zikiwa na rangi kali ambazo kiwanda hakikuwahi kuzitoa, na wakusanyaji wamezoea kuziita za Mumbai. Mimi simlaumu fundi aliyepaka saa ili mwenyewe aweze kusoma wakati. Hiyo ni kazi ya heshima. Lawama inamwangukia anayeichukua saa hiyohiyo na kuiuza kwa jina la uso wa asili.

19 Mei: Uso wa badala

Njia iliyobaki, kwa mawazo ya Ami, ilikuwa kununua uso mwingine wa Omega na kuuweka ule wa babu kando. Wazo lenyewe si baya, kwa sababu angalau uso wa zamani haufi. Nilipata mmoja kwa muuzaji wa Ulaya aliyeueleza kuwa wa asili na ambao haujawahi kuvaliwa: dola 85, usafirishaji dola 22, jumla karibu shilingi 14,000.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba jina moja lina vipimo vimoja. Sikuuliza umetengenezwa kwa kaliba gani. Ulipofika, kipenyo kilizidi kwa milimita 0.6, miguu haikuelekea kwenye matundu ya kaliba 267, na tundu la sekunde lilikaa juu ya mahali pake. Nilipouweka chini ya lenzi nikaona na lile la pili: mistari ya dakika haikulingana na vijiti vya alama, kwenye 4 mstari uliangukia kulia kwa kijiti na kwenye 8 ukaangukia kushoto, na kwenye ukingo kulikuwa na kijikato kilekile cha tupa. Ulikuwa umepakwa upya. Muuzaji alikataa kurudisha fedha.

Fundi mzee alisema inawezekana kukata miguu, kuchonga ukingo na kuubandika. Nilikataa. Kwa kazi hiyo ningekuwa nimeharibu uso mmoja ili kuficha mwingine, na mtu atakayeifungua saa hii baada yangu angekuta uongo chini ya kioo.

Hata hivyo si kila uso uliobadilishwa ni doa. Omega zilizotolewa kwa jeshi la anga la Uingereza mwaka 1953, na saa za IWC Mark 11 za jeshi hilohilo, nyingi zilivuliwa nyuso za radiamu na Wizara ya Ulinzi yenyewe na kupewa nyingine za tritiamu zenye T ndani ya duara. Wakusanyaji huzikubali, kwa kuwa mabadiliko yalifanywa na mwenye saa wakati ziko kazini na sababu yake inajulikana. Tofauti ya uso na uso hata kwa bei si ndogo. Oktoba 2017 saa ya Rolex ya aina ya Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwenye mnada wa Phillips, New York, kwa dola 17,752,500. Jina lake lilichangia sehemu kubwa, lakini hata Daytona ambazo hakuzigusa, zikiwa na uso wa mtindo wa saa yake, huuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya zenye uso wa kawaida, ilhali mashine na kasha ni vilevile. Kwa hiyo anayepeleka saa yake kiwandani kwa matengenezo aandike waziwazi, kabla haijaondoka mkononi mwake, kwamba uso na mishale visibadilishwe, au vikibadilishwa virudishwe kwake. Baada ya hapo huwa amechelewa.

16 Juni: Kazi iliyofanywa kwenye uso wenyewe

Nimeamua uso wa babu ubaki kama ulivyo, uondolewe vumbi tu, na nguvu zote zielekezwe kwenye kuzuia unyevu usiingie tena. Ami hajakubali. Amesema atasubiri aone.

Mishale ilitolewa uso ukiwa umefunikwa kwa kipande cha plastiki kilichochanwa katikati, ili wenzo usiguse vanishi. Vumbi nililiondoa kwa Rodico, ile dutu laini ya kijani ya mafundi wa saa, kwa kugusisha na kunyanyua, bila kuburuta, nikiziruka nukta zote za rangi. Kazi ya eneo dogo kama hilo ilichukua saa mbili na nusu, nikibadilisha kipande kila kilipoingia kijivu.

Nilikosea mara moja. Karibu na lile baka jeusi vanishi imeinuka, nami nikaona kipande cha uchafu kimekaa ukingoni mwake. Nilikigusa, kikatoka, na pamoja nacho ukatoka mstari mmoja wa dakika, ule wa kumi na nane. Ulikuwa umebaki pale tangu katikati ya miaka ya 1950, ukavumilia chumvi, joto na droo, na mimi nikauondoa kwa kugusa mara moja. Niliweka vifaa chini na sikuendelea siku hiyo. Baka sijaligusa tena. Mstari sijauchora, na sitauchora.

Rangi ya mishale iliyokuwa ikidondoka iliimarishwa kwa vanishi nyembamba iliyopakwa kwa ncha ya sindano upande wa nyuma, kazi aliyoifanya fundi mzee akiwa na glovu na barakoa, nje upepo ukivuma kutoka nyuma yake. Vipande vya Rodico vilivyotumika vimeingia katika mfuko uleule wa kitambaa cha meza.

14 Julai: Kufunga na gharama

Mashine imesafishwa, imetiwa mafuta na kurekebishwa bila tatizo la kusimulia. Ufunguo uliolegea umebadilishwa kwa wenye mpira mpya ndani, mpira wa mgongo wa kasha umebadilishwa, na ufunguo wa zamani uko ndani ya kibahasha. Kioo cha plastiki kimeng'arishwa tu, kwa kuwa katikati yake kuna ile alama ndogo ya Omega ambayo mtu huiona akiinamisha saa, na sikutaka ipotee. Saa inachelewa sekunde kumi na moja kwa siku.

Jumla ni shilingi 33,000. Matengenezo ya mashine yalichukua 6,500, ufunguo na mipira 3,800. Kuuhifadhi uso wenyewe, pamoja na glovu, barakoa na Rodico ya shilingi 900, kumegharimu 2,100. Zilizobaki, shilingi 20,600, ni nyuso za majaribio, Seiko, vibandiko na uso wa badala usiofaa. Nyuma ya uso wa Seiko nimeandika kwa penseli "umepakwa upya 2024", na nyuma ya ule wa Ulaya nimeandika "si wa asili", ili hata zikitoka mikononi mwangu zisimdanganye mtu.

Saa haitarudi kwenye droo. Radiamu hutoa gesi ya radoni, ambayo hujikusanya mahali palipofungwa, kwa hiyo itakaa kwenye kabati la ukumbini lenye matundu ya hewa, mbali na vyumba vya kulala, itavaliwa siku maalumu tu, na hakuna atakayeifungua bila kusoma karatasi iliyo ndani ya kisanduku chake. Karatasi hiyo inasema uso ni wa asili na una radiamu, inataja baka, na inataja mstari wa dakika ya kumi na nane, tarehe ulipotoka na aliyeutoa.

4 Agosti: Ami

Ami alikuja jana alasiri kuichukua. Aliitazama kwa muda bila kuivaa, akasema, "Bado ina rangi ya chai." Nilimpa lenzi na kumsogeza karibu na dirisha, nikamwonyesha mahali pa kuangalia. Alikaa kimya, kisha akaanza kuufuata mshale mfupi kwa ncha ya kidole juu ya kioo, halafu mrefu.

"Saa tatu na dakika kumi," alisema. "Sasa hii ni ya asubuhi au ya usiku?"

Nilimjibu kwamba uso hauwezi kutuambia. Aliniuliza, fundi angeupaka uso, kivuli kingebaki? Nikamwambia kingeondoka kwenye msasa wa kwanza. Aliivaa mkononi, akauteremsha mkono wa kanzu juu yake, kisha akaupandisha tena na kuniomba lenzi mara ya pili.

Nikaha ni Ijumaa. Baada ya sherehe nitapima tena mwendo wake, na nitakagua kama kuna unga wowote mpya chini ya kioo.